Ekari Kumi na Moja za Ukungu

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, chenye dirisha lisilofunga,
Jumatano, tarehe 19, mwezi wa tatu.

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Naisikia marahaba yako kutoka huko uliko, ndefu, yenye mkia. Na wewe Shangazi unayemsomea, shikamoo pia, maana najua umeishika karatasi hii mbali na uso kama mtu aliyeshika samaki wa juzi. Usinune, mwandiko wangu umeboreka. Nina ombi moja kabla hatujafika mbali: soma kila neno, hata pale ninapojisifu, na hata pale utakapotajwa mwenyewe. Bibi macho yake yamefungwa, lakini masikio yake yako wazi kama mlango wa ghala siku ya mavuno. Ukiruka mstari atajua.

Bibi, macho yanaendeleaje? Nimesikia daktari amesema bado wiki tano ndipo bendeji itoke. Je, yanawasha? Unakula? Na unaota ndoto za namna gani huko? Maana mimi nafikiri mtu aliyefungwa macho mchana kutwa, ndoto zake hazijui zianze saa ngapi, kwa hiyo zinaingia tu wakati wowote kama kuku jikoni. Ukipata nafasi nieleze, sina wa kunisimulia ndoto tangu uondoke.

Mimi ni mzima wa afya, mzima mpaka inaudhi watu. Nimerefuka. Ule mlango wa jikoni ambao nilikuwa napita nikiwa nimenyooka sasa unanisalimia kwenye paji la uso kila asubuhi. Kifua nacho kimepanuka, ila hilo utalikuta mwenyewe, sipendi kujisifu.

Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Sijahamisha kitu. Kamba yako ya kupandia, ile yenye mafundo, iko palepale kwenye msumari nyuma ya mlango. Kuku mwekundu ameamua kutamia mayai ndani ya kapu lako. Nilitaka kumfukuza, akanitazama kwa jicho lako lilelile la siku niliyovunja mtungi, nikamwachia.

Sasa, Bibi, kaa vizuri. Shangazi, mwekee mto mgongoni. Nina habari ya shamba, na ndani yake kuna ujinga wangu, nami nimeamua kuuandika mwenyewe kabla hujaletewa na wengine umetiwa chumvi.

Unaijua ruzuku ya zamani ilivyokuwa. Serikali ililipa kwa ukubwa wa shamba tu, ekari moja sehemu moja, ekari mia sehemu mia. Aliyenacho akaongezewa mpaka akakosa pa kuweka, na sisi wenye vishamba tukapata cha kununulia mpini na cha kulalamikia. Ndiyo maana kila mtu hapa alijifunza kulivuta shamba lake kwenye karatasi kama mpira. Yule bwana wa ng'ambo ya mtaro ndiye aliyeshinda wote. Shangazi huenda hujui tunavyomwita siku hizi: Bwana Upeo. Siku moja aliulizwa shamba lake linaishia wapi, akanyoosha mkono akaonyesha pale mbingu inapogusana na ardhi.

Mwezi wa kwanza ikaja amri mpya. Nitakueleza kama alivyonieleza muuza mbolea, kwa sababu mkutano wenyewe sikuhudhuria, nilikuwa na shughuli muhimu ya kulala juu ya magunia. Ni hivi: shamba lisilozidi ekari nne linalipwa kamili, tena kwa nyongeza, na mbegu juu yake. Likizidi nne, mwenyewe anapewa kidogo tu, cha kumwambia pole. Likizidi hamsini, halipewi kitu. Umeona ilivyogeuka? Miaka yote tumekuwa tukijivimbisha, na leo ukubwa umekuwa ugonjwa.

Kwa shamba lako, Bibi, hii ilikuwa mvua iliyonyesha juu ya mtungi ulio wazi. Mbegu za maharage za msimu mzima, mbolea, na cha kumlipa mtu wa kunisaidia kupalilia. Ilikuwa kukaa tu na kusubiri. Mjukuu wako akaufunika mtungi.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Unaujua ukungu wetu wa mwezi wa pili, ule unaokuja umekaa chini kama ng'ombe aliyeshiba na hautaki kuinuka. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya kibanda cha majembe, nimeshika fimbo yako, nanywa chai, naliangalia shamba ambalo halikuwepo. Mistari mitatu ya mwanzo ilionekana, ya nne ilionekana nusu, halafu weupe mtupu. Ndani ya weupe ule akatokea msichana mwenye viatu vilivyolowa, kabeba mashine ya kuchorea ramani kifuani kama mtoto. Ni karani wa vipimo.

"Mwenye shamba yuko wapi?" akauliza.

"Unaongea naye."

"Hapa nimeandikiwa jina la bibi mmoja."

"Bibi ni mwenye shamba, mimi ni mwenye nguvu."

Hakucheka, Bibi. Msichana mzuri, ila kicheko chake amekiacha nyumbani. "Haya, mwenye nguvu," akasema, "tuzunguke mipaka. Mawe yako wapi?"

Nami ningeweza kusimama. Mawe manne nayajua. Lakini chai ilikuwa ya moto, nyasi zilikuwa na umande mpaka magotini, na yule msichana alikuwa ananitazama kutoka juu mpaka chini kama anayepima gunia. Nikanyoosha fimbo yako kwenye ukungu nikamwambia mawe ni ya wenye vishamba, sisi tunapima kwa macho. Nikaonyesha: kutoka hapa mpaka pale, kutoka pale mpaka kuleee. Kule hakukuwa na kitu, Bibi. Kulikuwa na ukungu tu. Naye alikuwa ameshazunguka mashamba sita tangu alfajiri, miguu inauma. Akavuta kidole juu ya kioo cha mashine, akafuata fimbo yangu, akavuka mtaro bila kuuona, akaenda mpaka ndani ya konde la Bwana Upeo lililolala miaka miwili.

"Ekari kumi na moja," akasema.

Neno lile lilinipanda kichwani kama pombe. Nikaona mabega yangu yameongezeka upana. Nikatia saini kwa niaba yako, saini yenye mkia mrefu, na nikamsindikiza mpaka barabarani nikipiga mluzi.

Sikutaka kumdanganya mtu, Bibi. Unakumbuka nilipokuwa mdogo ukinifunga mgongoni ukipanda? Tulikuwa tunaanza mstari, nasinzia, naamka, bado mstari uleule. Nasinzia tena, naamka, udongo bado unakwenda mbele. Sijawahi kuona mwisho wa shamba lile nikiwa macho. Moyoni mwangu lilikuwa kubwa kuliko ekari kumi na moja. Kama yule msichana angesema mia, ningemwambia na chenji ibaki kwake.

Orodha ilibandikwa ukutani kwenye ukumbi wa wakulima, ikae siku kumi na nne ili wenye malalamiko waseme. Nilikwenda nimechana nywele. Nikajikuta nimeandikwa karatasi ya pili, ya wakubwa, siyo ile ya kwanza yenye majina mengi. Watu wakanipisha njia. "Mkubwa huyo!" "Mwenye ardhi, tukumbuke kwenye ufalme wako!" Nami, kwa akili yangu ndogo, nikawa naitikia kwa kuinua mkono.

Muuza mbolea ndiye aliyenishika kola akanivuta pembeni. Akanieleza habari ya ekari nne, mara mbili, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji. Halafu akasema, "Mtoto wewe, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Na bibi yako umemtia kwenye sufuria hiyohiyo."

Nilirudi nyumbani njia ya mzunguko ili nisikutane na mtu wa kuniita mkubwa.

Shangazi, hapa ndipo utakapotajwa. Kohoa kidogo kisha uendelee. Najua Bwana wako amesema mara mbili kwamba shamba lisilolimwa msimu huu liuzwe, na Bibi akae huko huko kwenu moja kwa moja. Simlaumu, anasema kwa nia njema, kama mtu anayekufungia dirisha usipigwe na baridi huku wewe unatafuta hewa. Lakini Bibi aliniambia siku anapanda gari, mkono wake juu ya kichwa changu: "Nikirudi nikakuta magugu, nitajua sina kwetu tena." Bila ruzuku kamili hakuna mbegu. Bila mbegu ni magugu. Kwa hiyo fimbo niliyoinyoosha kwenye ukungu ilikuwa imekuonyesha wewe, Bibi, mlango wa kutoka. Nilipolielewa hilo sikula siku nzima. Naam, mimi. Muulize kuku.

Siku ya tatu Bwana Upeo mwenyewe akaja mpaka kwenye ngazi ya kibanda. Akakaa kando yangu, na ngazi ikalia. Yeye naye amri mpya ilimkuta, lakini yeye halali juu ya magunia. Alikuwa ameshaligawa shamba lake kwenye karatasi: ekari nne kwa shemeji, nne kwa dereva, nne kwa mtunza mbwa, nne kwa Mama Mpishi, na wengine wengi. Watu wasiojua jembe linashikwa upande gani wameamka wakulima. Mwenyewe akajibakizia arobaini na nane, ili awe chini ya mstari wa hamsini kwa ekari mbili.

"Nimeona umechukua konde langu," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu.

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"La, la, kijana wangu. Libaki kwako. Kwenye karatasi liwe lako, kwenye udongo tunajuana. Mtu kama wewe akae na wakubwa. Kwani unataka kurudi kule kwenye orodha ndefu, na wauza mchicha?"

Bibi, nitakuambia kweli: nilionja. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili, nilijiona nimevaa koti, nimekaa kiti cha mbele ukumbini. Halafu nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, maana hesabu ndiyo iliyoniacha shuleni, siyo mimi niliyeiacha. Arobaini na nane, ongeza nane zangu za ukungu, ni hamsini na sita. Kumbe! Ekari zile zikirudi kwake, anavuka mstari, hapati hata punje. Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukubwa wangu ndio ulikuwa unamfanya yeye aonekane mdogo.

Nikamwambia nitafikiri. Akanigonga bega, akaondoka.

Mchana ule nililala ghalani na nikaota. Niliota shamba lako limekuwa refu sana, linapita barabara, linapita vilima, na wewe uko mbele unapanda kwa kamba, mgongo umenipa. Nakimbia nikufikie, na kila nikikimbia ardhi inaongezeka chini ya miguu yangu, laini, haina sauti, kama kukimbia juu ya unga. Nakuita. Unageuka, una bendeji machoni, unasema, "Nani kaliweka shamba mbali hivi?" Nikaamka na alama za gunia shavuni. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Kesho yake nikaenda ukumbini kulalamika. Foleni ilitoka nje mpaka kwenye mabomba. Kila mtu mbele yangu alikuwa na neno hilohilo: walikuja kwa mazoea ya zamani, mmoja kapunjwa nusu ekari, mwingine karani kamlia kona. Karani, yuleyule msichana wa vipimo, anawaambia, "Mama, ukiongezewa utavuka nne, utapata kidogo." Mama anasema, "Mwanangu, wewe niongezee tu, mambo ya mbele tutayaona mbele." Miaka ya kuvuta mpira haitoki mkononi kwa siku moja.

Zamu yangu ikafika. Ukumbi umejaa, wote wananijua, na wote wananijua kwa domo.

"Na wewe umepunjwa ngapi?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimezidishiwa."

Akainua kichwa. Nyuma yangu mtu alisema, "Eh! Kidomo anaumwa."

"Shamba letu ni dogo," nikasema.

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia," muuza mbolea akapiga kelele, adui wa Mungu yule.

"Shamba letu ni dogo! Halifiki hata ekari tatu! Niliongeza ukungu!"

Bibi, ukumbi ulianguka kwa kicheko. Wamama walifutana machozi kwa vilemba. Na nilipokuwa nimesimama pale masikio yakiwaka, nikagundua kuwa sijafa. Kumbe aibu ni kama maji ya baridi, ukishaingia mpaka shingoni unaanza kuogelea.

Karani naye, mwanamke yule wa mawe, mdomo wake ulicheza upande mmoja. Akavuta droo, akapekua, akapekua tena. "Fomu ya kuongeza ekari ninayo," akasema. "Fomu ya kupunguza haipo. Hakuna aliyewahi kuiomba." Tukachukua ile ya kuongeza, akakata maneno kwa kalamu akaandika mengine juu yake kwa mkono. Kwa hiyo fomu ya kwanza ya kupunguza katika nchi nzima ni ya kwako, Bibi. Sisi huwa hatushindwi kuwa wa kwanza.

Lakini akaniambia lazima mipaka ipimwe upya, kwa miguu, na jirani aliyeandikwa kwenye orodha awepo ashuhudie. Barabara haina mdomo, kijito hakina saini, upande wa nne ni ua wetu wenyewe. Jirani ni wa ng'ambo ya mtaro tu. Nikajua Bwana Upeo hatakuja hata akibebwa kwa machela.

Karani akazungusha ramani. "Baada ya ekari zako kumi na moja," akasema, "jirani aliyeandikwa ni..." akasoma, akakunja uso, akasoma tena. "Ni mama mmoja. Kazi yake imeandikwa mkulima."

Alikuwa ni Mama Mpishi! Bwana Upeo kwa ujanja wake alikuwa amempa ekari nne za karatasi, na zile nne ndizo zilizogusa ukungu wangu.

Nikaenda kupitia mlango wa nyuma wa jiko lake. Unamfahamu, Bibi, ndiye yule aliyekuwa akikuombea majani ya maboga mtaroni na kukuachia sabuni. Alikuwa anamenya vitunguu. Nikamweleza yote, na safari hii sikujisifu hata kidogo, labda kidogo. Akamaliza kitunguu. Akachukua kingine.

"Kwa hiyo mimi ni jirani yenu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Na mtu hajanipa hata hodi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Miaka kumi na tisa namkaangia yule bwana mayai. Alinipa karatasi niweke dole, akaniambia ni ya bima ya jiko."

"Atakufukuza kazi, Mama," nikamwambia, maana sikutaka kumtumbukiza bila kumwonyesha kina.

Akanitazama kama anayetazama sufuria inayojifanya inachemka. "Akinifukuza jikoni, naenda shambani. Si ninalo? Imeandikwa. Akitaka kuniambia silo langu, akaseme hivyo ukumbini, mbele ya yule msichana wa vipimo. Twende."

Basi Bibi, juzi Jumatatu tulilizunguka. Karani mbele na mashine yake, mimi katikati, Mama Mpishi nyuma na aproni yake. Ukungu ulikuwepo tena, lakini ule mwembamba, wa maziwa yaliyotiwa maji, unaoachia kitu kimoja kimoja. Tulianzia jiwe la kona ya barabara. Mashine ile ukianza nayo lazima urudi ulipoanzia, la sivyo haifungi mstari na haikupi jibu. Nilipenda hivyo. Ni kama wewe, haikubali hadithi isiyorudi nyumbani.

Tulipita ukingo wa barabara, ambako udongo ni mwekundu zaidi. Tukashuka na mtaro. Pale Mama Mpishi akasimama, akaweka mguu mmoja juu ya jiwe lenye ufa, akasema, "Hapa. Hapa ndipo nilikuwa nasimama naomba majani. Sikuwahi kuvuka bila ruhusa." Karani akaandika. Ng'ambo, kwenye veranda, Bwana Upeo alikuwa amesimama na kikombe, anatuangalia. Alisimama tu, na kutoka kule chini, Bibi, nilimwona mdogo kama mtu aliyechorwa kwenye kiberiti.

Kisha kijito, kisha ua wetu, kisha jiwe la mwanzo tena. Chai niliyoiacha kwenye ngazi ilikuwa bado ya vuguvugu. Maisha yangu yote, sijawahi kulizunguka lote nikiwa macho. Nilidhani halina mwisho. Lina mwisho pande zote nne, na kila mwisho nilikuta alama yako: mawe uliyopaka chokaa, kigingi ulichofunga kitambaa, ngazi mbili ulizochimba kwenye ukingo wa kijito kwa mguu wako mdogo. Nikajiona nimekuwa mrefu kupita kiasi.

Mashine ikalia. "Ekari mbili na robo tatu," karani akasema. Halafu akaongeza, na hili naliandika kama ushahidi, "Shamba zuri." Nilimuuliza kama anamaanisha shamba au mwenye nguvu. Akasema shamba.

Sasa kilichobaki ni chako, na hapa sitanii. Ndani ya bahasha kuna fomu ile ya kukatwakatwa. Saini yangu yenye mkia hawaitambui tena, nao hawajakosea. Wanataka dole gumba lako mwenyewe kwenye kisanduku cha chini, na fomu ifike ukumbini kabla ya tarehe kumi ya mwezi ujao. Ikifika, tumo kwenye orodha ndefu, mbegu zinatoka wiki hiyohiyo, na mvua ikinyesha itakuta maharage ardhini. Isipofika, naandikwa mkubwa mpaka mwakani, na magugu yatatamba.

Shangazi, wino nimeuweka kwenye kichupa kidogo kilichofungwa kwa pamba. Ni wewe utakayemshika mkono, kwa sababu yeye haoni kisanduku kiko wapi. Sikufundishi kazi. Najua unapenda awe karibu nawe, nawe ni mwanawe kabla mimi sijawa mjukuu. Lakini umuulize yeye kwanza anataka nini, umsubiri ajibu, ndipo uongoze dole lake liende analotaka liende. Dereva wa mizigo aliyekuletea barua hii anarudi Jumamosi.

Mama Mpishi bado yuko jikoni. Bwana Upeo hamwezi: akimfukuza, anamwachia shamba, akimnyang'anya shamba, anajitangaza. Jana jioni nilimwona Mama ng'ambo ya mtaro kavua viatu, anagusa udongo wake kwa kidole cha mguu kama anayejaribu maji. Ameomba kuazima kamba yako ya kupandia. Nimemwambia mwenyewe yupo njiani, akirudi atamwomba.

Nimekuwekea na kitu kingine kwenye bahasha, Bibi. Ni uzi wa gunia nilioufunga mafundo. Shangazi, mpe mkononi sasa hivi, usisubiri mwisho. Kila fundo dogo ni hatua ishirini, na yale manne makubwa ni kona. Anza penye kitambaa, hilo ni jiwe la barabara. Mafundo manane, kona. Sasa uko mtaroni, sita, katikati yake utagusa pamba, hapo ndipo Mama Mpishi husimama. Kona. Manane ya kijito, nenda polepole pale zilipo ngazi zako. Kona. Sita ya ua wetu, na utarudi penye kitambaa.

Mwanzoni niliusokota uzi mrefu zaidi, kwa mazoea. Nikaukata. Huu uliobaki ni wa kweli, unaweza kuuzunguka kwa vidole ukiwa umelala, mara nyingi utakavyo, mpaka bendeji itoke. Ukipitiwa na usingizi katikati ya mstari si neno, utaamka ukiwa ndani ya shamba lako.

Nisalimie Bwana wa Shangazi, mwambie sina kinyongo naye na koti lake la bluu bado nalitamani. Wasalimie watoto wake wote wawili, yule mnene na yule mlalamishi. Msalimie daktari wa macho, mwambie akifungua bendeji asimame pembeni, wa kwanza kuonekana niwe mimi. Kuku mwekundu naye anasalimu.

Mungu akupe nuru machoni, na akurudishe kabla maharage hayajachanua.

Ni mimi ninayekupenda kwa kipimo kisichohitaji shahidi,

Mjukuu wako, mume wako asiye na mahari,

Kidomo, mwenye nguvu wa ekari mbili na robo tatu.